Duathloni fupi ya barabara ya mchepuo, Arusha: tathmini ya mshiriki wa kawaida

Mwandaaji wa mbio anauza huduma sawa na mwenye hoteli au mwenye basi, na aliyelipa kiingilio ana haki ya kueleza alichopewa. Mbio ninazozitathmini hapa ni duathloni fupi iliyofanyika msimu huu wa baridi kwenye barabara ya mchepuo inayoizunguka Arusha kwa upande wa kusini: kilomita 5 za kukimbia, kilomita 20 za baiskeli, kisha kilomita 2.5 za kukimbia tena, saa ikihesabu tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Nililipa shilingi 70,000 kutoka mfukoni mwangu. Sikualikwa, wala sikupewa chochote ambacho washiriki wengine hawakukipata. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kumkuta yeyote anayeandaa mbio za aina hii hapa nchini, na nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue aulize nini kabla ya kulipa.

Kipimo ninachotumia ni kile anachopata mtu wa mwisho. Anayeongoza hupata barabara tupu, maji ya kutosha na makofi hata katika mbio zilizoandaliwa ovyo, kwa sababu kila kitu hupangwa kwa kumfuata yeye. Mwalimu, muuguzi au karani anayefanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ambaye atafika dakika 45 au zaidi baada ya mshindi, ndiye atakayegundua kama waandaaji walikuwa na mpango au walikuwa na bahati. Kwa kipimo hicho, eneo la kubadilishia, yaani mahali pa kuhama kutoka kukimbia kwenda kwenye baiskeli na kurudi, lilisimamiwa vizuri sana, baiskeli za kukodi zilikuwa na uzuri na hatari kwa pamoja, na barabara ilifungwa kwa ajili ya wenye kasi tu.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, umbali niliotaja hapo juu ndio unaotambuliwa kimataifa kama duathloni fupi, yaani nusu ya ile ya kawaida ya kilomita 10, 40 na 5. Husimamiwa na World Triathlon, chombo kilichoanzishwa mwaka 1989 ambacho pia kinasimamia triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia), na mashindano ya kwanza ya dunia ya duathloni yalifanyika Palm Springs, California, mwaka 1990. Triathloni iliingia katika Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, lakini duathloni haijawahi kuingia, na pengine ndiyo maana wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza kupitia tangazo la kujiandikisha. Kwa mazingira yetu naona ndiyo yenye maana zaidi kati ya michezo hii miwili, kwani mtu wa Arusha, Dodoma au Iringa anaweza kuifanyia mazoezi bila kutafuta bwawa la kuogelea.

Usajili ulifanyika kwa simu na haukunipa shida. Unajaza jina, umri, mtu wa kupigiwa ukipata ajali na maelezo ya afya, unalipia kwa namba ya kumbukumbu, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia papo hapo. Siku moja kabla ya mbio tulichukua vifaa: namba ya kifuani, vibandiko vya helmeti na baiskeli vyenye namba hiyohiyo, utepe wa mkononi usioweza kuvuliwa bila kukatwa, na chipu ya kupimia muda ya kufunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, upande usio na mnyororo. Fulana ilikuwa ya kawaida, ya kitambaa kinachobana jasho badala ya kulipitisha, na nembo za wadhamini zimejaa hata mgongoni. Hiyo sitaizungumzia tena.

Maelezo ya kanuni yaliyotolewa jioni hiyo yalikuwa ya kina, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye, na mwamuzi mkuu hakuharakisha. Alionyesha kwa vitendo namna ya kuitoa baiskeli kwenye chuma inapotundikwa, mahali pa kuipandia na mahali pa kuishukia. Alikataza spika za masikioni na kukimbia kifua wazi. Aliulizwa maswali mengi kuhusu pancha, akajibu kwamba kila mmoja atajitengenezea mwenyewe na kwamba msaada kutoka nje unamwondoa mtu mashindanoni. Kwenye ukumbi palizuka minong’ono, kwa sababu wengi walikuwa na matumaini ya kukuta fundi kando ya barabara, lakini kanuni ni hiyo na ni vizuri ilisemwa mapema. Jambo moja tu halikusemwa, nalo ni muda wa mwisho wa kumaliza kila hatua. Nitalirudia, maana ndilo lililoleta madhara.

Sasa baiskeli. Arusha ni mji wa wakimbiaji. Katika nchi ambayo mwaka 2025 Alphonce Simbu aliiletea ubingwa wa dunia wa marathoni, vikundi vya joging viko kila mtaa, na sehemu kubwa ya waliojiandikisha walitoka katika vikundi hivyo, wakiwa na fulana za Kilimanjaro Marathon za miaka iliyopita, miguu iliyozoea kilomita 21, na hawana baiskeli nyumbani. Baiskeli mpya ya barabarani, nyepesi na yenye tairi nyembamba, bei yake ni ya kununulia pikipiki. Waandaaji waliliona hilo na wakaweka huduma ya kukodi: shilingi 30,000 kwa siku pamoja na helmeti, baiskeli za mtumba kutoka Japani, Uingereza, Ujerumani na kwingineko, zimekaguliwa na mafundi wawili wa mjini ambao kwa maoni yangu walistahili medali kuliko baadhi ya waliopanda jukwaani.

Nilimtazama mmoja wao akifanya kazi. Kila aliyekuja alimkalisha kwenye siti, akaizungusha pedeli hadi ikafika chini kabisa na kumwambia, “Kaka, weka kisigino hapo, mguu unyooke.” Goti likibaki limekunja aliipandisha siti, nyonga ikiyumba aliishusha, kisha alizungushia utepe mweusi kwenye bomba la siti ili, hata ikiteleza usiku, mtu aone alama yake asubuhi. Mtu akiweka kisigino pale na mguu ukanyooka, anapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo kama inavyotakiwa, goti hubaki na mkunjo mdogo, na mkunjo huo ndio unaookoa misuli ya mapaja kwa ajili ya kilomita 2.5 za mwisho. Niliwahi kukodi baiskeli mahali pengine ambapo kijana alinikabidhi funguo na kuniachia mambo mengine yote nijitegemee. Hapa nilihudumiwa.

Upepo wa tairi nao ulipimwa kwa pampu yenye saa, si kwa kubonyeza kwa kidole gumba, na fundi alisoma kiwango kilichochapwa ubavuni mwa kila tairi. Hata hivyo, nusu ya baiskeli zilikuwa za milimani, zenye tairi pana za meno makubwa zilizokusudiwa tope na mawe. Juu ya lami laini meno hayo huunguruma na kula nguvu, kwa hiyo watu wawili wenye uwezo sawa na waliolipa pesa sawa hawakupata mbio zilezile. Tairi laini za baiskeli hizohizo zinapatikana madukani kwa bei isiyotisha, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa kila gurudumu.

Hatari niliyoitaja iko kwenye breki. Kwenye baiskeli zinazotoka Uingereza na Japani, mkono wa kulia ndio unaofunga breki ya gurudumu la mbele, ilhali kwenye zile zinazotoka Ujerumani au Marekani ni mkono wa kushoto. Shehena ya mtumba huchanganya zote, na hakuna aliyeweka alama wala kuwaambia waliokodi. Mtu aliyejifunzia baiskeli ya aina moja akipewa ya aina nyingine, mkono wake hauna habari. Kwenye koni ya kugeukia nilimwona dada mmoja akifunga breki ya mbele kwa nguvu zote, dhahiri akidhani ni ya nyuma. Gurudumu likasimama, baiskeli ikainuka, naye akatua kwa kiganja na goti. Alichubuka, watu wa huduma ya kwanza wakamfikia haraka, na alimaliza mbio. Kwenye mteremko mkali habari ingekuwa nyingine. Utepe mwekundu kwenye mkono wa breki ya mbele ungetosha kuliondoa tatizo hili.

Asubuhi ya mbio ilikuwa ya Julai halisi: baridi, mawingu yamekaa juu ya mlima Meru, na washiriki wa Dar es Salaam wamejikunyata ndani ya makoti wakisubiri kuambiwa wavue. Kuanza kulitangazwa kuwa saa 1:00. Saa hiyo ilifika, tukapangwa kwenye mstari, kisha tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Tulisimama dakika 20 hivi, misuli iliyokuwa imepashwa ikapoa, na alipofika alihutubia kuhusu umuhimu wa michezo kwa afya. Hotuba yenyewe haikuwa ndefu. Tuliachiwa karibu saa 1:20.

Kilomita 5 za kwanza hazina mengi ya kueleza. Njia ilikuwa pana, alama za kila kilomita zilikuwapo, na meza ya maji katikati ilikuwa na watu wa kutosha. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na aliyetoka pwani siku moja kabla huihisi hewa nyepesi mapema kuliko alivyotazamia; niliwapita baadhi yao wakitembea kabla ya kilomita ya tatu, baada ya kuondoka kana kwamba ni mbio za mita 800. Katika duathloni, anayejimaliza kwenye hatua ya kwanza ya kukimbia hulipa mara mbili, kwenye baiskeli na kwenye hatua ya mwisho, na maelezo ya jioni yangeweza kulisisitiza hilo kwa wageni.

Eneo la kubadilishia ndipo waandaaji hawa walipoonyesha kwamba wanaujua mchezo. Baiskeli zilitundikwa kwa siti kwenye mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi, kila nafasi na namba yake, na mlango wa kuingilia wakimbiaji ulikuwa upande mmoja na wa kutokea waendesha baiskeli upande wa pili, ili kila mshiriki akimbie urefu uleule ndani ya eneo bila kujali baiskeli yake imetundikwa wapi. Wasiocheza mchezo huu huwa hawaoni umuhimu wa jambo hilo. Mlango ungekuwa mmoja, aliyepewa nafasi ya karibu angeokoa mita nyingi kila anapopita, na baada ya saa nzima ya kuhangaika ni nadra tofauti ya wawili wanaofukuzana kuzidi mita hizo. Walitandika zulia la kijani kwenye changarawe, mistari ya kupandia na kushukia ilichorwa upya asubuhi hiyo kwa chokaa, na kulikuwa na mtu mwenye bendera kwenye kila mmoja.

Waamuzi walikuwa wakali kwa kiasi kinachofaa. Kanuni inayovunjwa kuliko zote ni ile ya helmeti: mkanda lazima uwe umefungwa kidevuni kabla mkono haujaigusa baiskeli, na hauruhusiwi kufunguliwa hadi baiskeli irudi kwenye chuma chake. Mwamuzi aliyesimama kwenye safu yetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. “Shikiza kwanza, baba, ndipo uiguse!” alimwambia mzee mmoja ambaye tayari alikuwa ameishika siti kwa mkono mmoja na helmeti kwa mkono mwingine, na mzee akaiachia baiskeli kama imemuunguza. Mwingine, kijana aliyejifanya hakusikia, alisimamishwa sekunde 10 mstarini huku wenzake wakimpita. Sikusikia mtu akilalamika, kwa kuwa tulishaelezwa jana yake na kanuni ilitumika kwa wote.

Kuhusu viatu nitoe neno kwa wanaofikiria kushiriki. Karibu wote tuliokuwa na pedeli za kawaida tuliendesha kwa viatu vilevile vya kukimbilia, na kwa umbali huu sioni hasara kubwa. Wenye viatu vya kujifunga kwenye pedeli walipata nguvu zaidi barabarani, lakini niliwaona wakikaa chini kufungua kamba, kuvaa, kuvua, kisha kufunga kamba tena kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Aliyezoea hufanya hayo kwa sekunde chache, hasa akiwa na kamba za mpira zisizohitaji kufungwa. Asiyezoea hupoteza dakika nzima ambayo kilomita 20 za baiskeli haziwezi kumrudishia.

Usalama wa mali nao ulikuwa mzuri. Ndugu na marafiki waliotaka kuingia kupiga picha walizuiwa kwa adabu, na wakati wa kutoka kila baiskeli ililinganishwa namba na utepe wa mkononi wa aliyeishika. Foleni ilikuwa ndefu kidogo, lakini mtu aliyeleta baiskeli yenye thamani ya mshahara wa miezi kadhaa haoni taabu kusimama kwenye foleni ya namna hiyo. Kasoro pekee niliyoiona ni kwamba nafasi kati ya baiskeli na baiskeli zilikuwa finyu, na mara mbili tatu usukani wa mmoja ulinasa kwenye breki za jirani.

Njia ya baiskeli ilikuwa ya mizunguko miwili, kila mmoja kilomita 5 za kwenda na 5 za kurudi. Lami ya mchepuo ni nzuri, miinuko yake ni ya taratibu, na kushoto au kulia, kutegemea unaelekea wapi, mlima unakutazama muda wote. Kinachosumbua ni upepo. Miezi hii upepo wa kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, na kwenye uwanda ule hakuna mti wa kuuzuia. Kuelekea mashariki nilikuwa naendesha kama ninapanda mlima usioonekana. Kurudi magharibi nilijiona bingwa. Sababu ni ya kifizikia: nguvu inayohitajika kuikata hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo anayetaka kuongeza kasi kidogo dhidi ya upepo hulipa nguvu nyingi, naye mwenye busara hukubali kwenda polepole, huinama, hubadili gia iwe nyepesi na kuacha miguu izunguke.

Ndiyo maana pia kuna kanuni ya kutomfuata mwenzako kwa karibu. Katika mbio za wasiolipwa kama hizi, mwamuzi alitutaka tuache mita 10 kati ya baiskeli na baiskeli, isipokuwa unapompita mtu, kwa sababu anayejificha nyuma ya mwenziwe anapunguziwa kazi ambayo mwenziwe anaifanya peke yake. Katika mbio za juu za wanariadha wa kulipwa za umbali huu jambo hilo huruhusiwa, kwa kuwa wale wamefundishwa kuendesha wakiwa wamebanana. Wakimbiaji wa joging waliokodi baiskeli jana yake wakibanana, atakayeanguka hataanguka peke yake. Kanuni ilikuwa sahihi, ila usimamizi wake uliishia mbele. Kulikuwa na pikipiki moja tu ya mwamuzi, nayo ilishinda na kundi la kwanza. Huku nyuma watu watano walinipita wamefuatana gurudumu kwa gurudumu, wakipokezana kuukata upepo na wakizungumza kwa raha zao. Kama mwamuzi ni mmoja, heri aende mbele mzunguko wa kwanza na nyuma mzunguko wa pili.

Nafika kwenye lalamiko langu kubwa. Kibali cha kuifunga barabara, kama tulivyoelezwa jioni ile, kilikuwa cha kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Tufanye hesabu. Mshiriki wa kawaida wa nyuma hukimbia kilomita 5 kwa dakika 33 hivi, hutumia dakika tatu kubadilisha, na akiwa na baiskeli ya milimani dhidi ya upepo ule huenda wastani wa kilomita 22 kwa saa, yaani karibu dakika 55 kwa kilomita 20. Jumla ni dakika 91. Mbio zingeanza saa 1:00 kamili, mtu huyo angeishusha baiskeli yake saa 2:31, dakika moja baada ya barabara kufunguliwa. Mpango ulikuwa umebana kiasi hicho hata kabla ya kuchelewa, na haukuacha nafasi ya pancha, kuanguka au tumbo. Zilipoongezwa dakika 20 za kumsubiri mgeni rasmi, matokeo yalishaandikwa.

Saa 2:30 askari waliondoa vizuizi, kama kibali chao kilivyowaagiza, na siwalaumu. Mimi nilikuwa kwenye kilomita za mwisho za mzunguko wa pili na nyuma yangu walikuwapo wengine wengi. Bodaboda ndizo zilizotangulia, kisha Noah za abiria, kisha malori yanayotumia mchepuo huo kwa sababu ulijengwa kwa ajili yao, ili wasipite katikati ya mji. Lori lenye tela likikupita kwa kasi huku upepo wa kusi unakusukuma kutoka pembeni, baiskeli huyumba kuelekea lilipo mara tu linapomaliza kupita, na mtu asiyezoea hushika usukani kwa nguvu, jambo linalozidisha kuyumba. Koni za kugeukia zilikuwa bado katikati ya barabara, bila askari, na wa mwisho walilazimika kugeuza baiskeli zao wakivuka njia ya magari. Vijana wa kujitolea waliovaa vizibao vya manjano walijitahidi kupunga mikono, na kwa hilo nawashukuru, lakini kijana mwenye kizibao hana mamlaka juu ya dereva wa lori.

Laiti muda wa mwisho ungekuwa umetangazwa, waandaaji wangekuwa na njia mbili za heshima: kuwazuia wasianze mzunguko wa pili waliochelewa, au kuomba barabara kwa muda mrefu zaidi. Duathloni nyingi duniani hufanya la kwanza, na mshiriki hulikubali kwa kuwa alilijua wakati wa kulipa. Kilichofanyika hapa ni kwamba hakuna aliyezuiwa, na hakuna aliyelindwa.

Kilomita 2.5 za mwisho zina ladha yake. Ukishuka kwenye baiskeli, mapaja yaliyokuwa yakisukuma kwa duara kwa karibu saa nzima hugoma kunyanyuka, hatua huwa fupi, na mwili hukupa taarifa za uongo kuhusu kasi yako. Dawa niliyofundishwa ni kuweka gia nyepesi kwenye kilomita ya mwisho ya baiskeli, kuzungusha miguu haraka kidogo, na kuanza kukimbia kwa hatua ndogo za haraka bila kujaribu kuzirefusha. Baada ya mita 500 hivi hali hutulia. Njia ya kipande hiki ilikuwa tofauti na ya kwanza, kwenye vumbi kando ya mashamba, na niliipenda kuliko lami. Lakini meza ya maji niliikuta imekunjwa. Katoni zilizobaki, nilivyoelezwa na mtoto aliyekuwa analinda meza yenyewe, zilishapelekwa jukwaani. Sijui mgeni rasmi na msafara wake walikunywa chupa ngapi, ila najua waliokuwa nyuma yangu hawakupata hata moja hadi walipovuka mstari.

Upimaji wa muda nausifu bila masharti. Mkeka wa chipu na wahusika wake walibaki mahali pao hadi mshiriki wa mwisho alipofika, hata pale lango la upepo lilipokuwa limeanza kutolewa hewa juu ya vichwa vyao, na mpiga kengele mmoja aliendelea kumpigia kila aliyefika. Medali hazikuisha. Matokeo yalitumwa kwa simu mchana uleule, yakiwa na muda wa kila hatua, ingawa muda wa kubadilisha ulijumlishwa ndani ya ule wa baiskeli, hivyo anayetaka kujua alipoteza wapi hawezi kujua. Zawadi za wanawake zilikuwa sawa na za wanaume. Makundi ya umri yalikuwa mawili tu, chini ya miaka 40 na zaidi ya hapo, ilhali kimataifa hugawanywa kwa miaka mitano mitano. Mzee wa miaka 63 aliyemaliza mbele ya nusu ya vijana alistahili kushindana na wa rika lake kuliko na mtu wa miaka 41.

Kwa shilingi 70,000, au 100,000 pamoja na kukodi, naona bei ni ya haki kwa kilichotolewa kwenye eneo la kubadilishia, kwa mafundi na kwa upimaji wa muda, na si ya haki kwa yaliyotokea barabarani baada ya saa 2:30. Anayemaliza baiskeli kwa chini ya dakika 40 ajiandikishe bila wasiwasi, maana atakutana na mbio tofauti na nilizozieleza. Anayeanza, au anayetegemea baiskeli ya kukodi, aulize kwanza barabara itafungwa hadi saa ngapi, apige hesabu yake mwenyewe kama niliyopiga hapo juu, na siku ya kuchukua baiskeli azijaribu breki moja moja akiwa anatembea kando yake.

Niliwaandikia waandaaji haya yote kabla ya kuyaandika hapa, nao walinijibu kwa upole. Wamesema mwakani wataomba kibali cha hadi saa 3:30, breki za mbele zitawekewa alama, na meza za maji hazitaondolewa kabla pikipiki ya mwisho haijapita. Kuhusu mgeni rasmi hawakusema lolote.